Daktari Matthew wa Lacor

 Leo siasa tuiweke kando, na bei ya unga tutaizungumza wiki ijayo Mungu akitujalia. Leo nataka tumkumbuke marehemu mmoja, Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, daktari kwa kazi yake. Jina lake kamili ni Matthew Lukwiya, ingawa hospitalini kwake wagonjwa na wafagizi walimwita Daktari Matthew tu, wala hukuhitaji kuuliza Matthew yupi.

Alikufa kwa Ebola tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Wengi wanaomkumbuka huanzia hapo kwenye kifo na kuishia hapo hapo. Mimi nina ugomvi kidogo na desturi hiyo. Daktari akifa kazini tunamvika ushujaa upesi upesi, tunaweka picha yake, tunamwombea, kisha tunasahau kuuliza alikuwa akiifanyaje hiyo kazi iliyomuua. Kufa kwa Ebola mtu yeyote anaweza. Yale aliyoyafanya Matthew katika wiki saba kabla hajaugua, hayo ndiyo wachache wangeyaweza, na hayo ndiyo nataka tukae nayo leo.

Kwanza tujue tuko wapi. Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, iko nje kidogo ya mji wa Gulu. Ilianzishwa na wamisionari Wakomboni mwaka 1959. Mwaka 1961 akafika daktari wa watoto kutoka Italia, Piero Corti, pamoja na Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Montreal, Kanada. Wakaoana pale pale, wakajenga hospitali ambayo baadaye ikawa kimbilio la eneo lote la kaskazini. Vita vilipoanza nchini, Lucille akawa anapasua majeruhi mwaka hadi mwaka. Vipande vya mifupa iliyovunjwa na risasi huchana glavu, na katika kazi hiyo akaambukizwa virusi vya UKIMWI. Alijua ameambukizwa, akaendelea na kazi, akafariki mwaka 1996. Nalitaja hili makusudi. Matthew alilelewa kikazi na mama huyu. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba mgonjwa anaweza kukuachia ugonjwa wake.

Yeye mwenyewe alitoka upande wa Kitgum. Baba yake, muuza samaki, alikufa maji mtoto akiwa na miaka 12. Mama alikuwa mchuuzi, anavusha chai mpaka wa Sudan na kurudi na sabuni, na unajua biashara ya mpakani ilivyo: si kila mzigo hupita mbele ya ofisa wa forodha. Kijana angeweza kuishia kwenye baiskeli ya magendo, ila kichwa chake kilikuwa cha darasani. Akashika namba ya kwanza, akapata ufadhili, akashika tena namba ya kwanza, akapata ufadhili mwingine, hivyo hivyo mpaka Makerere. Mwaka 1983 akaja Lacor kufanya mazoezi ya udaktari. Haikupita miezi mitatu, Corti na mkewe wakawa wameshaona nani atakayewarithi.

Baadaye alikwenda Liverpool, Uingereza, kusomea magonjwa ya watoto wa nchi za joto. Alifaulu kiasi cha kupewa nafasi ya kubaki na kufundisha. Akarudi Gulu, na Gulu wakati huo ni vitani.

Vita hivyo vilikuwa vimeshamfikia mapema. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi wa Joseph Kony, waliokuwa wakipigana na serikali, waliingia hospitalini wakitaka kuondoka na watawa wa Kiitaliano. Matthew akajitoa yeye badala yao. Wakamchukua kweli, akazungushwa porini wiki nzima akiwa na nguo zake za kazini, ndipo wakamwachia. Alirudi akaendelea na raundi za wodini. Katika miaka iliyofuata geti la Lacor lilikuwa likifunguliwa jioni, watu wa vijiji vya jirani wanaingia kwa maelfu na mikeka na watoto mgongoni, wanalala ndani ya ukuta wa hospitali, kukicha wanarudi mashambani.

Haya, tuje mwaka 2000.

Ebola ilipoingia Gulu, Matthew hakuwepo. Tangu mwishoni mwa 1998 alikuwa Kampala na mkewe na watoto wao watano, amerudi Makerere kusomea afya ya jamii. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi familia ile ilikuwa inalala bila kusikia bunduki. Jumamosi asubuhi, tarehe 7 Oktoba, simu ikalia. Aliyepiga ni Dokta Cyprian Opira, aliyekuwa akishika nafasi yake Lacor: kuna ugonjwa hatuuelewi, umeshaua wanafunzi wawili wa uuguzi. Jioni ile ile Matthew alikuwa Lacor.

Sasa sikiliza alivyoanza. Mwanafunzi wa tatu alikufa Matthew akimwona. Baada ya hapo Daktari Matthew aliomba mafaili. Yeye na Sista Maria Di Santo, mtawa aliyekuwa akifanya kazi naye, walipekua kumbukumbu za wagonjwa wa siku za karibuni, faili baada ya faili, wakapata wagonjwa 17 waliougua kwa mtindo mmoja: homa, kutapika, kuhara, kutokwa na damu, na kufa haraka. Akatoa mwongozo uliotungwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kuhusu homa za virusi zinazotoa damu, mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya hospitali za Afrika, hospitali za ndoo, jiki na aproni za plastiki. Akaufuata ukurasa kwa ukurasa. Wodi ya kutenga wagonjwa ikasimama kabla maabara yoyote haijasema neno.

Halafu akapiga simu. Wewe na mimi tunazijua ofisi zetu: barua ingetakiwa ianzie wilayani, isubiri saini, ipigwe mhuri, ipande ngazi kwa ngazi. Matthew alimpigia moja kwa moja Dokta Sam Okware, kamishna katika Wizara ya Afya, akamweleza anachokiona. Damu za wagonjwa zikapelekwa Afrika Kusini. Katikati ya Oktoba jibu likarudi: Ebola, ile aina inayoitwa ya Sudan. Wataalamu wa mashirika hayo mawili walipowasili kutoka Geneva na Atlanta walikuta wodi iko kazini, wagonjwa wametengwa, wauguzi wamekwisha fundishwa kuvaa na kuvua kinga. CDC wakaweka maabara hapo hapo Lacor, majibu yakawa yanapatikana bila sampuli kusafirishwa nje ya nchi.

Niliposoma habari hizi mara ya kwanza, mafaili ndiyo yaliyonishika kuliko yote. Tumezoea kudhani daktari mwema ni yule mwenye sauti ya upole na tabasamu. Matthew alikuwa mpole, hilo husemwa na wote waliomjua. Lakini upole bila yale mafaili ungezika watu wengi zaidi. Kosa moja la kuchukulia Ebola kuwa malaria kali, wodi nzima inakwisha. Mwaka 1995 kule Kikwit, Kongo, ugonjwa ulisambaa hospitalini hivyo hivyo, na wauguzi wakafa kwa wingi kabla jina lake halijajulikana.

Usidhani pia kwamba wanakijiji walikuwa wamekaa tu wakisubiri wataalamu. Waacholi wanalijua janga la namna hii, wanaliita gemo, na wazee wana taratibu zake tangu zamani. Mgonjwa anawekwa nyumba ya peke yake. Mabua marefu ya matete yanasimamishwa mlangoni ili mpita njia ajue asiingie. Anayemhudumia ni mtu aliyewahi kuugua akapona. Ngoma zinasimama, watu hawatembeleani, na aliyepona hukaa pembeni mpaka mwezi uandame tena. Ukilinganisha na mwongozo wa Geneva, hitilafu ni ndogo. Tatizo lilikuwa mazishi ya kawaida, kabla watu hawajatambua kuwa hii ni gemo: kuosha maiti, kumshika marehemu, kunawa pamoja katika beseni moja. Hapo ndipo moto ulipopata kuni.

Ndani ya wodi kazi ilikuwaje? Unavaa mabuti ya mpira, gauni, aproni, glavu mbili mbili, kofia, barakoa, na miwani ya kinga au ngao ya uso. Joto la Gulu unalijua, na ukishavaa huwezi kujifuta jasho wala kunywa maji mpaka utoke. Mgonjwa yuko kitandani, kwikwi hazimwachi, anatapika, anaharisha, haja zote hapo hapo. Wakati huo dawa ya kuua virusi haikuwepo. Kwa hiyo uuguzi ndio dawa: kumgeuza, kumsafisha, kumnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, kubadilisha shuka, kumwaga ndoo, kunyunyiza jiki. Halafu unavua kwa mpangilio, kitu kimoja baada ya kingine, unanawa kila hatua, kwa sababu wengi huambukizwa wakati wa kuvua. Ukifika mtaani, watu wanakukwepa. Waliopona walirudi makwao wakakuta vitu vyao vimechomwa moto.

Kazi hiyo ilifanywa na wauguzi na wahudumu wa chini, wengi wao vijana waliojitolea kuingia wodi ile kwa hiari, na majina yao redio haiyataji. Walianza kufa wao. Siku moja kuelekea mwisho wa Novemba walipotea watatu ndani ya saa 24. Wafanyakazi wapatao 400 wakakusanyika ukumbini, wakasema inatosha, hospitali ifungwe. Ungekuwa wewe ungewalaumu? Mimi siwezi. Walikuwa wamewazika wenzao, na nyumbani wana watoto.

Matthew alikwenda ukumbini, akawasikiliza na kuongea nao kwa saa nyingi. Hakuwatisha kwa barua za kufukuzwa kazi. Aliwaambia anayetaka kuondoka aende, ila yeye atabaki, na kwamba hospitali ikifungwa yeye ataondoka Gulu asirudi tena. Akawakumbusha siku alipojitoa kwa waasi. Kikao kikaisha kwa nyimbo. Watu wakarudi wodini.

Alichokuwa hakijui ni kwamba huenda virusi vilikuwa tayari mwilini mwake.

Siku chache nyuma, alfajiri ya tarehe 20 Novemba, wauguzi wa zamu walimwamsha. Muuguzi mwenzao, naye ameugua Ebola, alikuwa amechanganyikiwa, ameng'oa barakoa, ametoka chumbani mwake, anakohoa damu. Wauguzi wa zamu waliogopa kumkaribia. Matthew alivaa gauni, akavaa barakoa na kofia, akavaa glavu mbili. Miwani ya kinga hakuvaa, wala ngao ya uso. Akaingia, akamsaidia yule kijana, akawa naye mpaka alipokata roho, akasimamia usafi wa pale chumbani.

Wapo wanaoisimulia sehemu hii kama ushahidi wa upendo unaopita kanuni. Mimi siwaungi mkono. Kanuni ile ilikuwa sahihi, na aliyekuwa akiwahimiza wenzake kuifuata kila siku ni yeye mwenyewe. Hata hivyo sina ubavu wa kumnyooshea kidole. Mtu amefanya kazi wiki sita mfululizo, anaamshwa gizani, anaambiwa kijana wake anakabwa na damu yake. Jumla ya hesabu hiyo tunaijua. Tunachoweza kuuliza ni kwa nini hospitali ile, katika wilaya ya vita, ilikuwa na watu wachache kiasi kwamba mkuu wake ndiye wa kuamshwa.

Homa ilimshika Jumapili, tarehe 26. Kwanza wakadhani mafua, wakadhani malaria. Siku chache baadaye maabara ile ile ya Lacor ikathibitisha Ebola. Alitaka apelekwe wodi ya kutenga kama mgonjwa mwingine yeyote. Mkewe alikuja kutoka Kampala. Walimruhusu aingie akiwa amevaa kinga zote, akamshika mumewe mguu kwa mkono uliofunikwa glavu. Matthew akamwambia asirudi rudi mle, watoto wabaki na mzazi mmoja. Wauguzi walimsikia akiomba kwamba kama ni lazima afe katika utumishi wake, basi awe wa mwisho.

Alifariki usiku wa manane kuamkia Jumanne. Jioni ya siku hiyo hiyo alizikwa ndani ya uwanja wa hospitali, kando ya kaburi la Lucille. Waliomzika walikuwa timu ya mazishi ya Ebola, na mabuti yao na mabomba ya jiki, na umati umewekwa mbali. Kwa Mwacholi, kumzika mtu mkubwa bila kumgusa, bila kumlaza nyumbani hata usiku mmoja, ni mzigo mzito. Lakini ndivyo kanuni inavyosema, na mwenye kanuni alikuwa yeye.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha mwishoni mwa Februari 2001. Walikuwa wameugua watu 425, wamekufa 224. Kati yao wafanyakazi wa Lacor walikuwa zaidi ya kumi. Mpaka wakati huo dunia haikuwa imeona mlipuko mkubwa wa Ebola kuliko huo, na ulizimwa ingawa kitovu chake kilikuwa wilaya yenye vita na kambi za wakimbizi wa ndani. Watu wa afya ya jamii wanakubaliana kwamba kugunduliwa mapema pale Lacor kulichangia sana.

Msikilizaji, kama unadhani hizi ni hadithi za zamani, twende Mubende, Uganda, Septemba 2022. Ebola ya aina ile ile ya Sudan ilirudi. Miongoni mwa wahudumu walioambukizwa alikuwamo Mtanzania, Dokta Mohammed Ali, kijana wa miaka 37 aliyekuwa Uganda akisomea upasuaji. Alifariki Fort Portal tarehe 1 Oktoba 2022. Waziri wa Afya wa Uganda, Jane Ruth Aceng, alimtangaza kuwa daktari wa kwanza kufa katika mlipuko ule. Huku kwetu tulisikitika siku mbili tatu, mitandaoni kukajaa mishumaa, halafu mpira ukaanza. Wangapi kati yetu leo wanalikumbuka jina lake?

Na miaka miwili kabla ya hapo, Kenya. Dokta Stephen Mogusu, miaka 28, alikuwa akihudumia wagonjwa wa UVIKO huko Machakos. Alikufa kwa ugonjwa huo huo Desemba 2020. Chama cha madaktari, KMPDU, kilisema alikufa akiwa hajalipwa mshahara wa miezi mitano. Nirudie: miezi mitano. Kijana yuko wodini na barakoa, kodi ya nyumba inamsubiri, na sisi huku tunapiga makofi madirishani kuwashukuru mashujaa wetu. Madaktari wa Kenya waligoma mwezi ule ule, na wapo waliowaita hawana huruma. Mimi nadhani asiye na huruma ni yule anayempeleka mtu kwenye moto na mfuko mtupu.

Matthew mwenyewe, nijuavyo, hakuwahi kuufanya umaskini wa wauguzi wake kuwa fadhila. Kwa hiyo anayelitumia jina lake kuwaambia madaktari wa leo wavumilie tu, wajitoe tu, kazi ni wito, huyo anamdhulumu marehemu. Wito ni wa daktari. Mshahara, glavu na bima ni wajibu wa aliyemwajiri.

Ipo habari moja njema, nisikuache na majonzi matupu. Januari 2025 muuguzi mmoja wa Kampala alikufa kwa Ebola hiyo hiyo ya Sudan. Mlipuko ukatangazwa tarehe 30, na siku nne tu baadaye chanjo ya majaribio ikaanza kutolewa kwa waliokutana na wagonjwa. Mwezi Aprili mlipuko ukatangazwa umekwisha. Mwaka 2000, Matthew na wauguzi wake hawakuwa na chanjo hata ya majaribio. Walikuwa na jiki, mafaili na wao wenyewe.

Basi nikuombe jambo moja kabla muda haujaniishia. Siku nyingine ukisikia daktari au nesi amekufa kazini, usikimbilie kuandika pumzika kwa amani ukaendelea na shughuli zako. Uliza kwanza: alikuwa amelipwa? Alikuwa na vifaa? Waliokuwa naye zamu ile walikuwa wangapi? Na ada ya watoto wake muhula ujao inalipwa na nani? Muulize diwani wako, muulize mbunge wako, ukipata nafasi muulize waziri. Ukijibiwa, tuandikie hapa redioni, tutayasoma majibu yao hewani, na wasiojibu tutawataja pia.